Nyumba ya Wahujaji huko Santiago

Tulipokwenda kuhiji Santiago de Compostela, katika nchi ya Hispania, tulilala usiku mmoja katika nyumba ya wageni iliyo kando ya kanisa kuu la Mtume Yakobo. Mfalme Fernando na malkia Isabela waliamuru mwaka 1499 ijengwe iwe hospitali ya wahujaji. Ina nyua nne, zenye majina ya Waevanjelisti: Matayo, Marko, Luka na Yoane. Mwaka 1954 ilifanywa hoteli ya fahari.

Shuka zilikuwa laini, lakini usingizi ulikawia. Ndani ya kuta zile walilazwa zamani maskini wenye vidonda miguuni, waliokuja kwa miguu kutoka mbali. Nasi tulilipa fedha ambazo zingetosha kumsomesha mtoto mwaka mzima.

Desturi moja ya kale tuliikuta bado: wahujaji 10 wanaotangulia kufika siku hiyo hupewa chakula bure. Asubuhi tuliwakuta vijana wawili karibu na mlango, mizigo mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Mmoja akatuuliza kama vitanda vya humo ni vizuri. Tuliona haya kumjibu.