Serikali imehamia mtandaoni, mwananchi kabaki steshenari

Kuanzia Juni hadi Septemba, ukipita katikati ya mji wa Bariadi utakuta vijana wamejaa kwenye vibaraza vya steshenari, bahasha za kaki mikononi, kila mmoja akingoja zamu yake ya kukaa karibu na mwenye kompyuta. Wametoka Dutwa, Gambosi na Ngulyati. Wengine wamepanda gari alfajiri kutoka Mwanhuzi na Lagangabilili. Ni wahitimu wa kidato cha sita wanaoomba chuo na mkopo. Nyuma yao wamesimama wazazi, na fedha iliyo mfukoni mwa mzazi ni ya pamba, maana huku kwetu msimu wa kuuza pamba na msimu wa kuomba mkopo huangukia miezi ileile.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari. Wengi wa vijana hao nimewafundisha, au nimewafundisha wazazi wao, na ninapopita hunipa shikamoo huku macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta ya mtu mwingine. Kinachoniumiza nakisema wazi: huduma za serikali zimehamia kwenye intaneti, lakini mlango wa kuzifikia umeachiwa kijana wa steshenari, ambaye hakuajiriwa na serikali, hakula kiapo, na hakuna anayemkagua.

Simlaumu kijana huyo. Mtaji wake ni kompyuta, printa na bando, na umeme ukikatika siku yake imekwenda bure. Bila yeye watoto wengi wa mkoa wetu wa Simiyu wasingefika chuoni. Wala sitamani turudi tulikotoka. Kabla ya Machi 2012 Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na karatasi ikikosa muhuri wa mkoa, hiyo ilikuwa safari. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na katika miaka yake ya mwanzo fomu za karatasi zilisafirishwa hadi Dar es Salaam. Mzazi alikaa na wasiwasi mpaka majina yatoke. Leo mtoto anafungua akaunti yake na kuona ombi limefika wapi. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Sasa tazama ombi moja la mkopo linavyokwenda. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na uhakiki wenyewe unaombwa mtandaoni. Ada ya maombi inalipwa kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba. Fomu ikishajazwa inachapwa, inapelekwa kijijini igongwe muhuri wa serikali ya kijiji, anatafutwa mdhamini na picha yake, anatafutwa wakili au hakimu, kisha inarudishwa mjini iskaniwe na kupandishwa tena kwenye mfumo. Kwa anayeishi Kinondoni hiyo ni shughuli ya siku moja au mbili. Kwa mtoto wa Gambosi ni kwenda na kurudi kwa bodaboda mpaka nauli imalize alichotengewa, na siku za mwisho wa maombi, mtandao ukizidiwa, analala kwa ndugu mjini. Steshenari nako kila ukurasa una bei, na bei haijabandikwa ukutani.

Fedha, hata hivyo, mzazi ataitafuta. Kinachonitia hofu zaidi ni neno la siri. Kijana wa kijijini mara nyingi hana barua pepe, na simu iliyopo nyumbani ni kitochi cha baba. Basi kijana wa steshenari anamfungulia barua pepe, anamtungia neno la siri, na pale panapotakiwa namba ya simu, foleni ikiwa ndefu, anaweka ya kwake. Mteja anaondoka na risiti. Ufunguo umebaki dukani.

Namfahamu kijana mmoja wa Itilima aliyechaguliwa na vyuo viwili. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni kwamba aliyepata zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu kwa ujumbe wa simu, aitumie kuthibitisha chuo kimoja. Ujumbe ulikwenda kwenye namba ya aliyemjazia fomu, na huyo alikuwa ameshaacha kazi na kuhama mji. Kijana alinipigia akaniambia amechaguliwa ila hawezi kukubali. Tulihangaika mpaka dirisha likafungwa. Aliomba upya katika awamu iliyofuata akapata kozi nyingine, ya ualimu, na anasoma kwa bidii. Lakini alikuwa ameshapata uhandisi, kwa alama zake mwenyewe.

Kuna pia suala la lugha, ambalo sisi walimu tunalinyamazia. Mzee mmoja alinisimamisha nje ya steshenari, akaniamkia, mwangaluka mayu, kisha akanionyesha karatasi ya Kiingereza ambayo mwanawe alimtaka aweke saini, akitaka nimweleze inasema nini. Tulikaa kwenye benchi nikamsomea kifungu baada ya kifungu kwa Kisukuma. Mifumo mingi ya maombi ya vyuo imeandikwa kwa Kiingereza, nchini ambamo Kiswahili ni lugha ya Bunge. Tangu lini mtu akadaiwa uaminifu kwenye maneno asiyoyaelewa?

Na nakala zinazobaki? Namba za NIDA, vyeti vya vifo vya wazazi, picha za wadhamini, vyote vinalala kwenye kompyuta ambayo kesho inaweza kuuzwa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume hiyo. Mwenye steshenari wa Bariadi anachakata taarifa za watu wa kata nzima. Afuatwe huko aliko, aelimishwe, afundishwe kufuta nakala na kumkabidhi mteja neno lake la siri. Ajifunze kabla ya kutozwa faini.

Huduma ya mtandaoni inaweza kabisa kuwa na ofisi na mtu wa kuulizwa. Wakenya walianza vituo vyao vya Huduma mwaka 2013, na sasa mwananchi wa kaunti anakaa mbele ya mtumishi wa umma akasaidiwa. Hapa nyumbani, mwaka huohuo, usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano ulipoanza Mbeya, cheti kilitolewa bure kliniki na ofisi ya kata, na taarifa zikarushwa kwa simu ya mkononi. Mama hakuhitaji kompyuta wala Kiingereza.

Kwa Simiyu ninaomba jambo ambalo halihitaji jengo jipya. Zipo shule za serikali zilizopata kompyuta, baadhi kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na wakati wa likizo ya Juni vyumba hivyo hufungwa kwa kufuli, wiki zilezile ambazo wahitimu wao wanalipia kompyuta mjini. Vifunguliwe hadi Septemba. Kila chumba kiwe na printa, skana, bando na mwalimu anayelipwa posho, na mtendaji wa kata apange siku ya kuja na muhuri wake papo hapo. Halmashauri zetu hutoza ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwenye pamba, pamba ya wazazi hawahawa wanaosimama kibarazani. Wino na bando havitaumaliza. Na kama posho ya mwalimu ndiyo kikwazo, kata nyingi za mkoa huu zina mwalimu mstaafu mwenye nafasi na macho yanayoona bado. Mimi niko Somanda, hapahapa Bariadi. Nikiitwa nitakuja na kalamu yangu, na neno la siri ataliandika mtoto mwenyewe kwenye daftari lake.