Uso wa Mwenzako Usiwe Shimo Jeusi



Leo nataka kusema juu ya mapicha yetu. Mwaka jana fotografe mumoja alipiga picha ya darasa letu saa sita ya mchana, mbele ya ukuta mweupe. Mashati yaliwaka sawa mwezi, lakini nyuso hazikuonekana. Bengine wakacheka: "Njo vile muko weusi!" Rafiki yangu akapasua picha yake.

Mimi nasema: kosa halikuwa kwa ngozi yetu. Mashine inapima mwangaza wote pamoja. Ikiona mashati na ukuta vinangaa sana, inapunguza mwangaza, na nyuso zinaangukia gizani. Tena jambo hili si jipya. Tangu miaka ya 1950, Kodak iligawia wachapishaji kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, ili wapime rangi kwayo. Kilichofaa ngozi yake hakikufaa yetu kila mara.

Leo dawa iko, na haiombi franga. Programu GIMP ni ya bure, na ndani yake kuna chati inayoitwa histogramu. Picha ni vitone vingi, na kila kitone kiko na namba ya mwangaza, toka 0 (nyeusi kabisa) mpaka 255 (nyeupe kabisa). Chati inahesabu vitone na kuvipanga sawa vilima vyetu vya Lubero. Picha ya darasa letu ingeonyesha vilima viwili: kimoja kushoto, ni nyuso, kingine kimebanana kulia, ni mashati na ukuta. Kati kati, bonde tupu.

Watu wengi wanaongeza mwangaza tu. Basi vilima vyote vinasukumwa kulia, na mikunjo ya mashati inapotea. Wengine wanaongeza kontrasti: nyuso zinazidi giza. Heri kusogeza alama ya kati kati kuelekea kushoto, zile za pembeni zikae pahali pake. Nyuso zinapata mwanga na mashati hayaungui.

Lakini sehemu iliyokwisha kufika 255 yote haina kitu tena cha kurudisha. Kwa hiyo fotografe aangalie chati mbele watu hawajatawanyika, ao atupeleke kivulini.

Mwenzangu mumoja aliniuliza: "Shida yote hiyo ya nini? Kuna programu ya telefone inayofanya uso mweupe mara moja." Hapana, kaka! Ile si kuleta mwanga, ni kubadilisha mtu. Mimi nataka mama aniangalie ndani ya picha na anitambue.

Tate yangu alipoaga, tulikuwa na picha yake moja tu, amesimama mlangoni, jua nyuma yake. Uso ulikuwa giza tupu. Niliisogeza alama ile pole pole, na kovu la shavuni likatokea. Mama akaangalia, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Njo yeye."

Basi, ninyi mutakaopiga picha za wafinalisti mwaka huu, muangalie chati kwanza. Picha hizo zitabaki wakati siye hatuko.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Pedagojia