Zanzibar: mtalii anaogelea, kijiji kinabeba ndoo

Ukichungulia skrini za washikaji hapa kafe utakuta picha za Nungwi, bahari ya bluu, na maneno "ipo siku na mimi". Hata mimi natamani, sikatai. Zanzibar si mchezo: Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, msitu wa Jozani una kima punju, na watu wake wana asili ya Bara, Uarabuni, Uhindini na Uajemi. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya laki 7, kwenye visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi milioni 1.9 hivi.

Swali langu ni moja: wageni wote hao wanaoga maji ya nani?

Maji mengi ya Unguja yanatoka chini ya ardhi, na yanajazwa na mvua tu. Ukiyavuta kupita kiasi karibu na pwani, chumvi ya bahari inaingia kisimani. Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya moja kijijini ilikuwa inatumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano: lita 3,195! Sisi wa Kibaigwa tunaojua uzito wa dumu la lita 20 tupige hesabu. Familia nzima haifikishi madumu 5, chumba kimoja kinakaribia 160. Ripoti ni ya zamani, ila hoteli hazijapungua tangu hapo.

Mtasema utalii unaleta ajira na dola. Kweli kabisa. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje analipa hata bima ya dola 44 akiingia. Lakini bima haijazi ndoo ya mtu.

Sasa tukumbuke kwetu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda pwani, mali ikavushwa Zanzibar, ilipita Ugogo. Watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa njia, na asiyelipa alipata shida ya maji. Siisifii biashara ile, ilibeba na watumwa. Nachosema ni kwamba katika nchi kame mwenye kisima alikuwa na sauti, na mgeni alilipa huku ananung'unika.

Mwanakijiji wa pwani ya Unguja naye anastahili sauti hiyo. Kila hoteli kubwa ifungwe mita, ilipie inachovuta, na hela ionekane kwenye bomba la kijiji. Zenye uwezo zisafishe maji ya bahari zenyewe.

Na wewe ukijaliwa kwenda, kabla hujajirusha kwenye bwawa la kuogelea, uliza maji yake yametoka wapi. Au naonea hoteli? Tupieni maoni hapo chini, hasa wadau wa Unguja.