Mazungumzo ya Mwezi: Mauti Njiani

Mwezi uliopita naliwaahidi kuandika juu ya kideri, ugonjwa wa kuku, lakini habari hiyo haina budi kungoja. Liko jambo nililoliona kwa macho yangu, nami siwezi kuandika lingine kabla sijalisema.

Yapata saa tatu asubuhi, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, basi letu lilikuwa limesimama kupakia abiria, nami nimekaa dirishani. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa akipanda mwinuko kwa baiskeli, nyuma amefunga magunia mawili ya mkaa. Lori likaja nyuma yake, likataka kumpita. Mara mbele likatokea gari jingine, na lile lori likarudi upande wake kwa ghafula. Sikusikia kishindo kikubwa. Nilipotazama tena, mkaa ulikuwa umetapakaa njiani, na yule mtu amelala ukingoni, mguu mmoja hauna kiatu. Tukashuka, tukamkimbilia. Akavuta pumzi mara mbili tatu, kisha basi.

Mama mmoja mtu mzima, muuza ndizi wa pale kituoni, akaivua kanga ya mabegani mwake akamfunika. Vijana wakakata matawi, wakayaweka barabarani mbele na nyuma, ili magari yapunguze mwendo. Wengine, sitaficha, wakaokota mkaa. Wengine tena wakainua simu zao wapige picha, hata yule mama akawakemea, “Wanangu, huyu naye ni mtoto wa mtu!” Wakaona haya, wakazirudisha mifukoni. Marehemu hakuwa na kitambulisho wala karatasi yo yote, na katika watu wote tuliosimama pale hapakuwa na mmoja aliyejua jina lake.

Lakini yaliyonichoma zaidi ni maneno. Damu haijakauka, na watu wamekwisha anza kutafuta kosa. Huyu asema mzigo ulikuwa mkubwa mno. Yule asema angepita pembeni. Wa tatu akanong’ona kwamba mahali pale pana jambo, na si mara ya kwanza. Maneno hayo yalipanda nasi ndani ya basi, yakaendelea kwa mwendo mrefu. Nadhani hawakumchukia marehemu, walikuwa wakijifariji. Maana ikiwa amekufa kwa kosa lake, basi mimi nisiye na kosa hilo ni salama.

Desturi hii ni ya kale. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu aliwakumbusha watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akaligeuza neno kwa hao waliomsikiliza. Habari hii twaisikia kanisani, tukifika barabarani twaisahau.

Mwakumbuka ya Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakazidi 100. Siku zile neno lililosikika sana lilikuwa “tamaa.” Ni kweli, petroli iliyomwagika ni mauti, na kila mzazi amwambie mwanawe hivyo waziwazi, asimfiche. Lakini mtu aliyekimbia na dumu kwa sababu ya shida ya nyumbani kwake, je, ni mwovu kuliko mimi niliyekaa nimeshiba nikasoma habari zake gazetini?

Mwili wa mwanadamu haukuumbwa kushindana na chuma. Gari liendalo mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Kabla mguu wa dereva haujaifikia breki, limekwisha pita upana wa uwanja wa nyumba nyingi zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa barabarani duniani kote, yaani zaidi ya 3,000 kila siku, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29, hakuna kitu kiwauacho wengi kuliko hicho. Hao ndio wanafunzi wetu, walimu wenzangu.

Basi nawaomba mambo machache. Pasipo na njia ya miguu, watoto watembee upande wa kuume wa barabara, wakiyaelekea magari yajayo, maana kwetu magari hushika upande wa kushoto. Wakivuka, wasikimbie kumfuata mwenzao aliyekwisha vuka. Na kila mtu atokaye nyumbani, mkubwa kwa mdogo, awe na kikaratasi mfukoni chenye jina lake, kijiji chake, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Wino wa kalamu nyingine huyeyuka kwa jasho. Andikeni kwa penseli.