Nani kalipia, na nani kaulizwa?
Mwandishi, asilimia hizo za watoto wanaofanya kazi kwenye tumbaku umeziandika bila kusema nani kalipia utafiti. Huku Tabora, mradi wa PROSPER wa kupambana na ajira ya watoto kwenye tumbaku, Urambo na Sikonge, ulifadhiliwa na ECLT ya Geneva, taasisi inayopata fedha kutoka kwa kampuni za tumbaku zenyewe. Nanyi wachangiaji mnaosema basi yote ni uongo, hapana. Mfadhili hageuzi kila namba, ila swali na mahali linapoulizwa vina uzito. Mkulima anayekopa mbolea kupitia AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, akiulizwa mbele ya kiongozi wa chama hicho kama mwanawe hufunga majani kwenye vijiti kabla ya kupandishwa kwenye bani la kukaushia, atajibu nini? Tuonyesheni dodoso, waliokataa kujibu, na mwezi wa mahojiano, maana msimu wa kuchuma si kiangazi, na anayeuliza kiangazi hatawakuta watoto kwenye kazi hiyo.