DEREVA WA PIKIPIKI NI MTU WA NGAPI?



Stika ya bima ya pikipiki inapokaribia kuisha muda wake, katika nyumba zetu nyingi huulizwa swali moja tu: "Ni ipi iliyo rahisi kuliko zote, ili askari wa barabarani asinisumbue?" Swali hilo huulizwa na mwalimu, na mkulima, na mama mwenye duka, huulizwa pia na mjumbe wa halmashauri ya walei na mwenyekiti wa Jumuiya Ndogondogo. Wengi wao wamenunua pikipiki moja au mbili, wakawakabidhi vijana waendeshe bodaboda, na kila jioni hupokea hesabu yao. Si watu wabaya. Lakini nathubutu kusema kwamba swali lao ni baya, na kwamba jibu lake limekwisha kuzitumbukiza familia nyingi katika ufukara.

Niliitwa hospitali kumpa Mpako Mtakatifu kijana mmoja wa parokia yetu. Alikuwa ameteleza kwenye kona siku ya mvua, akiwa amempakia mama aliyetoka mnadani. Hakugongwa na mtu. Mama alivunjika nyonga; kijana, kwa neema ya Mungu, alipona, lakini mguu wake ulikatwa. Pikipiki ilikuwa na stika halali. Familia ya yule mama ilipoomba fidia, ilijibiwa kwamba chombo kile kilikatiwa bima ya matumizi binafsi, si ya kubeba abiria kwa malipo. Kijana naye hakuwa na mahali popote pa kuomba. Mwenye pikipiki alitoa shilingi 20,000 katika mchango wa Jumuiya. Wiki ya tatu pikipiki ilikuwa imekwisha kutengenezwa, na kijana mwingine aliitembeza. Chuma kilipona kabla ya mtu. Tangu siku hiyo sina raha ninapoona watu wakichagua bima kwa kuangalia bei yake peke yake.

1. Watu watatu wa bima

Hatuna budi kwanza kuelewa maneno. Nchini mwetu Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kukiingiza chombo cha moto barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye chombo aliyekata bima. Wa pili ni kampuni iliyopokea ada yake. Wa tatu ni jirani asiyehusika na mkataba wao, ambaye chombo kile chaweza kumuua au kumjeruhi: mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, mtoto anayevuka kwenda shule. Sheria hii ni njema. Inamwambia mwenye mali kwamba haki ya kufaidi chombo huambatana na wajibu wa kulipia madhara yake.

Abiria naye je? Chombo kinachobeba abiria kwa malipo hutakiwa kuwa na bima inayowafikia abiria hao. Kwa hiyo swali la matumizi ni swali la haki. Mtu anayeandika katika fomu kwamba pikipiki yake ni ya matumizi binafsi, kumbe kila alfajiri inapelekwa kijiweni, hakupunguza gharama tu. Amesema uongo, na uongo huo umemvua abiria wake kinga bila abiria kujua. Mama aliyetoka mnadani hakuulizwa. Alipanda akiamini.

Anabaki mmoja. Yule anayeshika usukani kuanzia alfajiri hadi usiku, yeye ni mtu wa ngapi? Si wa kwanza, kwa maana pikipiki si yake. Si wa pili. Wala si wa tatu, kwa maana bima hiyo inamhesabu upande wa mwenye chombo. Gari likimgonga kwa kosa la mwenye gari, atadai kwenye bima ya gari hilo. Lakini akiteleza mwenyewe, au akigongwa na gari lililotoroka lisijulikane, bima ya mtu wa tatu ya pikipiki anayoiendesha haimjui. Basi, ndugu zangu, tumempa kazi mtu ambaye katika hesabu zetu hana namba.

2. Bima ndogo na bima kubwa

Mawakala hutupangia bima kama ngazi. Chini kabisa ni bima ya mtu wa tatu, ambayo watu huiita bima ndogo. Katikati ni bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Juu ni bima kubwa, ambayo huongeza uharibifu wa pikipiki yenyewe katika ajali. Msikilizaji hudhani kwamba kila anapopanda daraja, watu wengi zaidi wanapata kinga. Sivyo. Tazameni vizuri kinachoongezeka: ni chuma. Daraja la pili linaongeza chuma kilichoibwa au kuungua; la tatu linaongeza chuma kilichopondeka. Dereva, kwa kawaida, hayumo hata katika daraja la juu, isipokuwa ameongezwa kwa maandishi au amekatiwa bima yake ya ajali binafsi.

Ndiyo maana wakopeshaji wa pikipiki huwalazimisha wateja kukata bima kubwa. Siwalaumu kwa kulinda fedha zao. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kijana aliyechukua pikipiki ya mkataba "ana bima kamili". Aliyekamilika ni mkopeshaji. Pikipiki ikiharibika kabisa, fidia hulipa deni kwanza. Kijana hubaki na mguu uliovunjika, na ada ya bima ile ilitoka katika jasho lake.

Kwa hiyo nasema wazi: ngazi hii tuipange upya. Mtu kwanza, chuma baadaye. Kwanza, bima ya mtu wa tatu iliyoandikwa kwa matumizi halisi, yaani biashara ya kubeba abiria. Pili, bima ya ajali binafsi kwa dereva, yenye kutaja malipo ya kifo, ya ulemavu wa kudumu na ya matibabu. Tatu, na hapo tu, bima ya pikipiki yenyewe dhidi ya moto, wizi na ajali.

Mama mjane mwenye pikipiki moja iliyochakaa asione haya kuiacha bima kubwa. Kampuni hulipa kwa thamani ya chombo kilichochakaa, si kwa bei ya siku kilipotoka dukani. Tena huondoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye chombo huibeba mwenyewe. Kwa pikipiki nzee yaweza kubaki fidia ndogo sana. Ni heri fedha hiyo aitumie kumkatia bima kijana wake. Lakini mwenye pikipiki mpya aliyoinunua kwa mkopo wa chama, ambayo ikiibwa usiku mmoja watoto wake watakosa ada ya shule, huyo anayo sababu ya haki ya kupanda hadi daraja la juu, ilimradi asiruke madaraja mawili ya watu.

3. Visingizio vyetu

Kisingizio cha kwanza: "Biashara hailipi kiasi hicho." Tufanye hesabu. Tuseme kijana huleta shilingi 10,000 kwa siku, na hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Kwa mwezi ni shilingi 260,000. Kwa mwaka ni shilingi 3,120,000. Sasa chukua ada uliyotajiwa na wakala, uigawanye kwa 10,000. Ikiwa nyongeza ya kumlinda abiria na dereva ni, tuseme, shilingi 60,000, hizo ni hesabu za siku sita kati ya siku 312. Anayesema hawezi kuacha siku sita kwa ajili ya uhai wa anayemletea siku 312, asiseme kwamba biashara hailipi. Aseme kwamba inamlipa yeye.

Kisingizio cha pili: "Kijana alikubali mwenyewe masharti." Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano ya mwajiri na mfanyakazi hayawi ya haki kwa sababu tu wote wawili wamekubali. Mwenye njaa hukubali lolote. Kijana aliyemaliza shule akakaa miaka mitatu bila kazi, atakataaje pikipiki kwa sababu ya kipengele cha bima?

Kisingizio cha tatu ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa kuwa kinavaa vazi la ibada: "Mlinzi wetu ni Mungu, bima ni kukosa imani." Ndugu zangu, Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwamuru mjenzi wa nyumba mpya kuzungushia dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hakumwambia mjenzi asali tu watu wasianguke. Alimtaka ajenge ukuta, na aujenge kabla. Na yule Msamaria mwema wa Injili ya Luka hakuishia kuyafunga majeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, tena akaahidi kulipa gharama itakayozidi. Aliipanga kesho ya mgonjwa. Imani isiyojenga ukuta ni uvivu uliojifunika kanzu.

4. Yatupasa kufanya nini

Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za kutoa leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na tangu hapo bodaboda haikuwa tena kazi ya kujificha. Sheria ilikwisha kuitambua. Inabaki dhamiri zetu kuitambua. Napendekeza mambo haya, na naomba viongozi wa walei wawe wa kwanza kuyatimiza.

Kabla ya kulipa, mwombe wakala akuonyeshe katika hati neno "biashara", na idadi ya abiria wanaokingwa. Uliza dereva analindwa kwa kiasi gani, na usikubali jibu la mdomo. Soma masharti yanayoweza kuiharibu bima: dereva asiye na leseni ya daraja la pikipiki, ulevi, na kupakia mishikaki. Kwa masharti hayo kampuni yaweza kukataa dai, au ikalipa kisha ikakugeukia wewe. Mwenye pikipiki anayemkabidhi chombo kijana asiye na leseni amekwisha kuichana bima yake mwenyewe.

Hakiki stika. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeweka mfumo wa kielektroniki wa kuhakiki, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kukusaidia. Stika ya bandia itampita askari asiye makini, lakini haitamlipa mjane.

Ajali ikitokea, toeni taarifa polisi, chukueni fomu ya PF3, tunzeni kila risiti ya hospitali, na kampuni iarifiwe bila kuchelewa. Wanyonge wengi hupoteza haki kwa sababu walikubaliana pembeni mwa barabara kwa shilingi elfu chache. Na kampuni ikizungusha dai, msikate tamaa: lipelekeni kwa Mamlaka hiyo, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kamati za Haki na Amani za parokia zisaidie kuandika barua hizo. Hiyo nayo ni kazi ya huruma.

Mwisho, ada ya kumkinga dereva isikatwe katika posho ya dereva. Anayefaidi jasho ndiye anayepaswa kulilinda.

Ndugu Wapendwa, yule kijana sasa huuza vocha kando ya kijiwe alichokuwa akiegesha. Kila Dominika hupita mbele ya mlango wa kanisa kwa magongo yake. Hamlaumu mtu. Sisi tusiitumie saburi yake kuwa hati ya kutuondolea hatia. Mwakani stika zetu zitakapoisha, tusiulize tena askari atataka nini. Tuulize: nikiitwa usiku kwamba pikipiki yangu imeanguka, kuna wangapi waliolala barabarani, na ni yupi kati yao ambaye sikumhesabu?

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu zipo pikipiki ngapi za biashara, na ngapi kati yake zimeandikwa kuwa za matumizi binafsi?

2. Katika mwaka uliopita, tulichanga fedha kiasi gani kwa majeruhi wa bodaboda? Je, fedha hiyo ingewakatia bima madereva wangapi?

3. Ni nani kati yetu yuko tayari kuileta hati yake ya bima katika mkutano ujao, tuisome pamoja?