"Kwangu Iko Sawa" Si Jibu, Buda

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaoandika skripti za majaribio kwa Linux, halafu mnatutumia sisi wa Windows. Tukiuliza mbona haishiki, jibu ni lile lile: "Kwangu iko sawa."

Wiki jana nimekesha hapa Lanet na laptopu yangu ya mtumba. Skripti ya beshte inawasha seva kwa poti 8080, inaipima, inaizima. Majaribio yakapita yote. Nikaharibu msimbo makusudi. Bado yakapita! Kumbe seva ya kwanza haikuzimwa; ya pili ilikosa poti ikaanguka kimya kimya. Nilikuwa napima msimbo wa zamani usiku mzima. Manze, jaribio linalodanganya ni afadhali lisiwepo.

Kosa lilikuwa mstari mmoja: `pkill node 2>/dev/null`. Git Bash haiji na pkill. Amri ilikataa, na huo mkia ukaficha kilio chake. Na hata kwa Linux ni ubaya tu, maana inaua kila node yako, hata ile ya kazi ingine. Kwa Solaris ndio noma zaidi: `killall` haichagui jina, inafagia kila kitu.

Dawa si ngumu. Ukiwasha seva, shika namba yake hapo hapo: `pid=$!`. Kisha `trap 'kill "$pid"; wait "$pid"' EXIT`, ndio hata skripti ikifeli katikati, usafi ufanyike. Ishara ziite kwa jina, si namba: USR1 ni 10 kwa Linux ya kawaida, 30 kwa macOS. Na kama umewasha kupitia npm, kwa Windows unaweza kuua mzazi mtoto akabaki. Hapo tafuta WINPID kwa `ps`, halafu `taskkill //T //F //PID` na hiyo namba.

Najua mtasema, "Si uweke Linux?" Laptopu tunashare na siz, hesabu za duka lake ziko humo. Na msee wa saiba pale tauni ataweka Linux kwa mashine ya nani?

Ulichowasha, zima. Usichowasha, usiguse. Na kabla hujasema iko sawa, mpe msee wa Windows aiendeshe mara mbili mfululizo. Hiyo ya pili ndio itakuambia ukweli.